Sukari na shuga

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako wa jana nimeusoma. Unasema mwenzako wa kazini kashikilia kwamba "sukari" tumeitoa kwenye "sugar" ya Waingereza, nawe ukakosa la kumjibu. Ushahidi umo vinywani mwenu nyinyi vijana. Tulipolichukua la Waingereza kweli lilitoka "shuga", ile ya shugamami. (Mama yako asijue kwamba nimeliandika mimi.)

"Sukari" tuliipata kwa Waarabu, wasemao sukkar. Waarabu walilitoa kwa Waajemi, shakar, nao Waajemi wakalitoa Bara Hindi. Huko, katika Kisanskriti, sharkara ni changarawe. Changarawe hizihizi unazozijua! Maji ya muwa yakichemshwa sana yanaacha punje ngumu, za rangi ya mchanga, zinazolia menoni. Aliyeziona mwanzo angeziitaje? Mimi naona aliyelibuni jina hilo alikuwa na macho mazuri kuliko wataalamu wengi.

Waingereza wamelipata kwa mzunguko mrefu zaidi. Waarabu walilima miwa Sicilia na Hispania, na neno likaingia Ulaya pamoja na bidhaa. Waitalia wakasema zucchero, Wafaransa sucre, na ni kwa Wafaransa Waingereza walikochota, yapata miaka 700 iliyopita. Wanaonichekesha ni Wahispania. Azúcar yao imebeba na ile "al" ya Kiarabu, itanguliayo majina kama "the" ya Waingereza (mbele ya sukkar hutamkwa "as"), wakadhani ni sehemu ya neno. Lakini tusiwacheke sana, maana nasi tumeibeba vilevile kwenye Alhamisi na alfajiri.

Basi sukari na sugar ni ndugu, babu yao mmoja. Hakuna aliyemzaa mwenzake, na mwenzako wa kazini mwambie hivyo kwa upole, usije ukagombana na watu kwa ajili ya chai.

Yupo na ndugu wa tatu, aliyepita kwa Wagiriki. Wao waliita sakkharon, na Walatini wakalipokea. Mwaka 1879, huko Marekani, ilipogunduliwa dawa tamu isiyo sukari, iliitwa kwa neno hilo la kale: sakarini. Ndiyo ya lile kopo dogo uliloliona mezani ulipokuja Idi. Daktari kaninyima sukari, kaniandikia sakarini. Nilitaka kumweleza kwamba ni neno lilelile, ila nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu.

Wasalimie wajukuu.

Baba yako