Mafuta ya chipsi kwenye Hilux D4D, inawezekana?

Kaka kwa hiyo D4D yako (injini ya dizeli ya Toyota) usithubutu kumimina mafuta yaliyokaangia chipsi hata uyachuje vipi, ni komoni reli (dizeli inapulizwa kwa presha kubwa sana), nozeli zake zina matundu madogo mno na mafuta ya kula ni mazito, hayapulizwi vizuri, yanaungua nusunusu, ringi za pistoni zinanata na mengine yanashukia kwenye oili ya injini mpaka inakuwa uji. Hao unaosikia wanatembelea mafuta ya kula wana injini za zamani kama 1HZ ya Land Cruiser, tena wanawasha na dizeli kwanza, mafuta yakifika nyuzi 70 hivi ndo wanahamia, na kabla ya kuzima wanarudi kwenye dizeli kusafisha paipu.

Biodizeli, yaani mafuta ya kula yaliyogeuzwa kwa kemikali yawe mepesi kama dizeli, ndo afadhali kidogo. Lita 10 za mafuta yasiyo na maji kabisa (yakiwa na maji unapata sabuni tu) unaweka kama lita 2 za methanoli (aina ya alkoholi) iliyoyeyushiwa kostiki soda, joto nyuzi 55, unakoroga, gliserini (uchafu mzito unaojitenga) inatuama chini nyeusi, juu inabaki biodizeli. Ila methanoli ni sumu na moto wake mchana hauonekani, jikoni kwa shemeji usijaribu. Na uliza bei ya methanoli kwanza, mi kwa gari moja sioni kama inalipa.