Game Boy haiwaki? Kabla hujashika pasi ya risasi

Wewe unayeanza ufundi wa vifaa vya zamani, Game Boy ya mwanzo, kile kifaa cha michezo cha mkononi cha Nintendo, ile ya kijivu ya mwaka 1989, ni mwalimu mzuri. Ndani yake kuna nafasi, na njia ya umeme unaweza kuifuata kwa macho. Inatumia betri nne ndogo za AA, volti 6 kwa jumla.

Ya kwanza niliyoitengeneza niliiharibu mwenyewe. Haikuwaka, nikaamua moja kwa moja kwamba kile kikadi kinachoshusha umeme kuwa volti 5 kimekufa. Nikakichomoa kwa pasi na kung'oa nacho njia ya shaba. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye springi ya betri, na pamba yenye ndimu ingetosha.

Kwa hiyo anzia kwenye betri. Zikiwa zimetapika, utaona unga mweupe au kutu ya kijani kwenye vibati. Dawa ni ndimu au siki kwenye pamba ya masikio, kidogo tu, kisha futa kwa maji, malizia na spiriti, uache vikauke kabisa. Usikwangue kwa msasa, maana utaondoa ile rangi ya fedha ya juu na kutu itarudi haraka. Weka betri mpya, halafu pima volti kwa mita kwenye vibati vyenyewe, kwanza swichi ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Kipimo kikiwa karibu na 6 swichi ikiwa imezimwa, halafu kikaporomoka ukiwasha, kuna mguso mbovu au kitu ndani kinavuta umeme kupita kiasi.

Betri zikiwa sawa, mshukiwa wangu ni swichi. Miaka thelathini na ushei ya vumbi si mchezo! Tia spiriti kidogo ndani yake, betri zikiwa nje, uisukume huku na huku mara thelathini hivi. Usicheke, wateja wengi nimewamaliza hapo hapo.

Kuna tundu la adapta pia, ambalo wengi hulisahau. Ndani yake kuna kibati kinachokata umeme wa betri pini inapoingia. Kikichafuka au kikipinda, kifaa kinadhani adapta imechomekwa, na betri hazifanyi kazi hata ziwe mpya. Ukitaka kujaribu kwa adapta, ni ya volti 6 na hasi iko katikati ya pini. Adapta nyingi tulizonazo nyumbani ni kinyume, chanya ndiyo iko katikati, kwa hiyo pima kwanza.

Taa nyekundu ikiwaka na kioo ni kitupu, zungusha kwanza kile kigurudumu cha ubavuni cha kukoleza picha. Mteja mmoja alinilipa nauli ya kwenda na kurudi kwa sababu ya kigurudumu hicho, nikaona aibu kuchukua zaidi. Ukiona mstari mweusi ukishuka pale jina la Nintendo linapopaswa kuonekana, umeme uko sawa na tatizo ni katriji, kile kikasha cha mchezo kinachochomekwa nyuma: safisha meno yake kwa spiriti.

Ukilazimika kufungua, bisibisi ya nje ni ya ncha tatu, ya ndani ni ya nyota. Tenganisha nusu mbili taratibu, kwa sababu zimeunganishwa na utepe wa nyaya unaokwenda kwenye kioo, na ukiuvuta kwa pupa utauchana.