Fundi Anajibu: Skii zinapaa juu, nikaze wapi?

Safari hii karibu barua zote ni za nyuma, namaanisha shokapu na springi za nyuma za pikipiki za theluji (mbele skii mbili, nyuma mkanda wa mpira unaozunguka kwenye reli na kuisukuma mashine), zile za milimani zenye mkanda mrefu. Naanza na hii ndefu maana ndani yake kuna majibu ya watu kama wanne hivi walioniandikia kitu kilekile kwa maneno tofauti.

*Shikamoo fundi. Nimenunua mashine iliyotumika, mkanda wake inchi 165, mwenye nayo wa kwanza alikuwa mwembamba, mimi na mavazi yote, kofia na begi mgongoni nafika kilo 110. Nikipanda mlima nikivuta mafuta tu skii zinapaa, usukani unabaki mwepesi kama haujaunganishwa na kitu, mara mbili nimekaribia kupinduka kinyumenyume. Mtu akaniambia nikaze mshipi wa mbele kwenye reli, nikaukaza mpaka kitundu cha mwisho, sasa skii zinakaa chini lakini mashine nzito balaa, kuilaza upande mmoja ili nikate mteremko ni mieleka. Nikisimama juu yake nyuma inadidimia kama inchi 6. Ninunue shokapu mpya?*

Marahaba mdogo wangu. Usinunue kitu kwanza. Jibu umeliandika mwenyewe pale mwisho, hizo inchi 6.

Ukiwa umesimama kwenye mashine na mizigo yako yote, nyuma inatakiwa ilale kidogo, nyingi zinataka kati ya inchi 2 na 4, namba kamili angalia kitabu cha mashine yako. Ikilala 6 maana yake kabla hujagusa mafuta nyuma ishakaa chini na pua ishaangalia juu, sasa ukivuta mafuta kwenye mwinuko uzito wote unakimbilia nyuma ambako springi haina nguvu ya kuubeba, skii zifanye nini zaidi ya kupaa? Huyo aliyekwambia ukaze mshipi hakukudanganya ila amekutibu homa akaacha malaria.

Ule mshipi kazi yake ni kuuzuia mkono wa mbele, ule unaounganisha reli na mashine, usishuke sana. Ukiufupisha, sehemu ya mbele ya reli haishuki, mkanda unaingia kwenye theluji kwa pembe ya kulala zaidi, uzito unabaki kwenye skii na mashine inapanda juu ya theluji badala ya kuchimba shimo. Safi kabisa. Ila ukizidisha ndo hayo yaliyokukuta, skii zimebeba mzigo kupita kiasi na mashine haitaki kulala ubavu, wakati mlimani nusu ya kazi ni kuilaza ubavu.

Kwahiyo anza nyuma. Tafuta mtu mmoja na futi ya kupimia. Inyanyue bampa ya nyuma mpaka shokapu zifunguke zote, mkanda uguse chini kidogo tu, mwenzio apime toka bampa mpaka chini. Halafu panda usimame kama unavyosimama mlimani, umevaa kila kitu na begi mgongoni na tangi lina mafuta, rukaruka mara mbili tatu itulie, apime tena. Toa ya pili kwenye ya kwanza, hiyo ndo namba yako. Kama ni springi za kujisokota zina kamu pembeni, izungushe kwa spana hatua moja pande zote mbili sawasawa, pima tena. Kama ni za koili geuza ile ringi inayoishikilia springi.

Na hapa wengi wanakosea, kukaza springi hakuifanyi kuwa ngumu, inabaki springi ileile, umesogeza tu mahali inapoanzia kubeba. Ukikaza mpaka mwisho na bado inalala 5, basi springi yenyewe ni ya mtu mwepesi, badilisha springi, tena springi peke yake, shokapu iache. Nyuma ikikaa sawa ndo urudi kwenye mshipi, uachie kitundu kimoja, uende kwenye mlima uleule unaoujua, ujaribu. Kimoja! Mi zamani nilibadilisha springi, mshipi na klika (zile hatua za kitufe cha kurekebisha shokapu) asubuhi moja, mashine ikawa tamu ajabu na mpaka leo sijui ni kipi kilichosaidia, iliponiharibikia baadae sikujua nirudishe nini.

*Fundi, shokapu za hewa au za koili? Nimechanganyikiwa, kila mtu na lake.*

Za hewa ni nyepesi, na mlimani wepesi ni mali, unazipanga kwa pampu ndogo tu bila kununua springi, na kadri zinavyobonyea ndo zinakuwa ngumu zaidi kwahiyo mwisho kabisa hazigongi kirahisi. Ubaya wake ni baridi. Ukizijaza ndani kwenye joto la nyuzi 20 ukaweka presha ya psi 100, ukitoka nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri utakuta kama 84, na hakuna kinachovuja, ni hewa imesinyaa tu. Jamaa anapima gereji, anafika mlimani nyuma imelala, anasema shokapu mbovu. Pima nje, mashine ishapoa, nyuma imenyanyuliwa shokapu zimefunguka zote. Na ujue kila ukifunga pampu kupima, hewa kidogo inaingia kwenye mpira wa pampu, kwahiyo ukipimapima bila kujaza unaipunguza mwenyewe.

Koili ni nzito ila haina maneno, asubuhi na jioni ni ileile, na mwanzoni inabonyea laini kuliko ya hewa. Ukiniuliza mimi, ile shokapu ya mkono wa mbele wa mkanda naitaka koili, maana ndo inayoamua mashine itageuka vipi. Ukiikaza inanyanyua pua, skii zinakuwa nyepesi na mashine inazunguka kirahisi, ukizidisha skii zinateleza tu kwenye kona hazishiki. Sehemu nyeti namna hiyo sitaki ibadilike kwa sababu jua limezama. Za nyuma weka ya hewa kama unahesabu kilo.

*Kwenye matuta mfululizo, la kwanza sawa, la pili sawa, la nne inanipiga kiuno. Shida nini?*

Shokapu haiwahi kurudi. Inabonyea kwenye tuta la kwanza, kabla haijafunguka la pili limefika, la nne inakuta haina nafasi tena. Ribaundi yako, yaani kasi ya shokapu kurudi ikishabonyea, iko polepole mno, fungua klika mbili, jaribu, mbili tena. Ukiona sasa nyuma inakurusha kama punda basi umepitiliza, rudi. Kabla ya kuanza funga klika mpaka mwisho taratibu bila kulazimisha huku unahesabu, andika namba, ndo urudi ulipokuwa. Na kama klika zote hazileti tofauti yoyote, mafuta ya ndani yamechoka, mpelekee fundi wa shokapu, usifungue mwenyewe, mle ndani kuna naitrojeni yenye presha kubwa.

*Ile nyuma ya mashine za Ski-Doo inayoitwa tMotion ambayo mkanda unapinda upande, ni kweli inasaidia au matangazo?*

Ni kweli. Iliingia kwenye modeli za mwaka 2013, mkono wa nyuma umepewa nafasi ya kucheza kushoto na kulia kidogo, kwahiyo unailaza mashine kwa nguvu ndogo. Anayejifunza atafurahi. Wapo wakongwe wanaopenda nyuma iliyo ngumu isiyocheza, wanasema kwenye mteremko mkali inashika mstari vizuri zaidi, na mi nawaelewa. Ila ukinunua iliyotumika ikamate nyuma uitikise kwa upande, kucheza ni kawaida yake, lakini ukisikia kile kimlio cha kugonga chuma, kagua maungio na bushi kabla hujatoa hela.