Maswali Yenu: Jogoo mweusi wa Waetruski, ni udongo au chuma?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mwanangu kaja na kitabu cha historia kina picha ya jogoo mweusi anang'aa kama chuma, chini wameandika eti ni udongo wa Waetruski, nikabisha. Ukurasa wa pili kuna chombo kina kichwa cha zimwi, pua imepinda, sasa nani anakunywea kitu kama hicho? Na je, vinauzwa? – Msomaji, Tabora

JIBU: Njema ndugu. Hapo mtoto kakushinda, huyo jogoo ni udongo mtupu. Waetruski walikuwa Italia kabla Roma haijapata nguvu, na ufinyanzi wao huo mweusi unaitwa bukero, ulianzia Cerveteri kwenye miaka ya 670 hivi kabla ya Kristo. Weusi wenyewe sio rangi ya kupaka. Udongo ule una madini ya chuma, ukichomwa kawaida unatoka mwekundu, sasa wao walikuwa wanaziba tanuri hewa isiingie, moshi unajaa humo ndani na ule wekundu unageuka kuwa mweusi mpaka katikati, yaani ukivunja kigae unakuta na ndani ni kweusi tii. Kung'aa ni kusuguliwa kabla ya kuchomwa, lengo kifanane na vyombo vya madini vya matajiri.

Jogoo mwenyewe yuko makumbusho ya Metropolitan, New York, ni kadogo kanaenea kiganjani, kichwa chake ndo kizibo na mwilini kachorwa alfabeti nzima ya Kietruski, herufi 26, ndo maana wapo wanaohisi kilikuwa kidau cha wino.

Zimwi ni Charun, wa kuzimu huyo, kwenye kuta za makaburi wanamchora na nyundo mkononi na ngozi ya bluu. Waetruski walizika watu wao na vyombo vya karamu, divai na kila kitu, kwa hiyo Charun hapo yuko kwake kabisa, ingawa mi nahisi mfinyanzi alikuwa anatania pia.

Kuhusu kununua, ukiona mtu anakuuzia mtandaoni achana nae. Hao hao Metropolitan walinunua sanamu 3 kubwa za udongo za wapiganaji wa Kietruski, wakaziweka watu wakazishangaa miaka na miaka, 1961 ikajulikana ni feki, na mmoja wa waliozifinyanga, Alfredo Fioravanti, alikuwa katunza kidole gumba cha sanamu mojawapo, kupachika tu kikaingia sawasawa.