Wasomaji Wanauliza: Wageni wanaofanya kazi kwa kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, nina nyumba ya wageni ya vyumba sita Jambiani, Zanzibar. Nataka wageni wa miezi miwili mitatu, wale wanaofanyia kazi kampuni za Ulaya kwa kompyuta. Nimefunga intaneti ya Mbps 50 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi), lakini wawili wamehama kabla ya wiki kwisha. Kasoro iko wapi? – M.K.

JIBU: Ndugu M.K., hiyo 50 huenda ni kasi ya kupakua tu, yaani kupokea data. Mgeni huyu anakwama kwenye kupakia, yaani kutuma: mkutano mmoja wa video unataka Mbps 3 hadi 4. Sita wakikutana na wakubwa wao kwa wakati mmoja, hesabu Mbps 24. Pima kwa kebo iliyochomekwa kwenye ruta (kifaa kinachogawa intaneti), asubuhi, alasiri na saa tatu usiku, mtaa mzima unapotazama video. Kwa kebo ikiwa nzuri na chumbani mbovu, tatizo ni kuta: mawe na chokaa humeza Wi-Fi. Ruta yenye antena sita haitakusaidia. Vuta kebo, ufunge Wi-Fi nyingine kila baada ya vyumba viwili.

Umeme unaokatika ndio unaofukuza watu zaidi. Ruta na kisanduku cha faiba kwa kawaida havizidi wati 25. Betri ya lithiamu ya volti 12, Ah 100 (ampea-saa, ujazo wa betri), inakupa kama Wh 1,000 (wati-saa) za kutumia, yaani saa 40 za intaneti. Ongeza kompyuta sita za wati 60, zinabaki saa mbili na nusu. Kisha mmoja anachomeka jagi la kuchemshia maji, wati 2,000, inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, inajizima na mikutano yote inakatika. Soketi za betri ziwe za rangi tofauti, na jikoni kusiwe na hata moja. Betri ya gari usiiguse. Imeundwa kuwasha injini, ukiikausha kila siku inakufa upesi.

Meza iwe na kimo cha sentimita 75 na kiti kiwe na mgongo. Kitanda cha kamba barazani ni cha kupigia picha.

Katika tangazo taja pia tofauti ya saa. Berlin wakianza kazi saa tatu asubuhi, kwako ni saa tano wakati wa baridi yao, saa nne wakati wa kiangazi. Asubuhi nzima ni ya kuogelea.

SWALI: Visa ya utalii inamtosha mgeni kama huyo? – Msomaji, Paje

JIBU: Visa ya kawaida ya Tanzania haizidi siku 90 na haimruhusu mtu kufanya kazi, kwa hiyo waulize Uhamiaji kwa maandishi kabla ya kutangaza. Mwambie mgeni mapema pia kuhusu bima ya dola 44 ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024. Mauritius iliukata mzizi wa jambo hili mwaka 2020: visa ya mwaka mmoja, bila ada, kwa mwenye kipato cha dola 1,500 kwa mwezi kinachotoka nje.