Maswali ya wasomaji: Mabawa hupimwa kutoka wapi hadi wapi?

SWALI: Kocha wa kikapu anataka kujua "upana wa mabawa" ya mwanangu. Tunapimaje? Na je, eropleni na wadudu nondo nao hupimwa vivyo hivyo?

JIBU: Kiswahili kina neno lake la siku nyingi: pima, yaani kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ya mkono wa pili, mikono ikiwa imenyooshwa. Asimame mgongo ukigusa ukuta, mikono usawa wa mabega. Tia alama ya penseli kila ncha, aondoke, ndipo upime ukutani. Tepu ikipitishwa kifuani hufuata mviringo wa kifua na kukupa sentimita za bure. Viwiko vikilegea, unazipoteza. Kwa wengi kipimo hukaribia kimo. Manute Bol, mchezaji wa kikapu aliyekuwa na kimo cha mita 2.31, alifikisha takriban mita 2.59!

Eropleni hupimwa kwa mstari ulionyooka, ncha hadi ncha, kiwiliwili kikiwemo. Airbus A380 ina mita 79.75, ikakwepa kikomo cha mita 80 cha viwanja vya ndege. Boeing 777X hukunja ncha ikiwa ardhini, mita 71.75 zikashuka hadi 64.85.

Msumbufu ni nondo. Aliyekufa na kukauka, ukimlazimisha kufungua mabawa, huvunjika. Mlainishe siku moja au mbili ndani ya kopo lenye pamba yenye unyevu, kisha mtandaze mpaka ukingo wa nyuma wa mabawa ya mbele ufanye pembe mraba na mwili. Yakiachwa yamelala nyuma kidogo, ataonekana mkubwa kuliko alivyo.