Kwa Nini Bibi Ndiye Asomee Ufundi wa Sola?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa kitongoji katika Mkoa wa Mtwara, mahali ambapo nguzo za umeme bado hazijafika. Tumeelezwa kwamba upo utaratibu, ulioanzia India, wa kuwafundisha kina mama watu wazima ufundi wa umeme wa jua, hata kama hawajui kusoma. Wananchi wanahoji kwa nini wasipelekwe vijana wetu waliomaliza VETA. Wanauliza pia kama huu unaoitwa ushirikiano wa nchi zinazoendelea si misaada ileile tuliyoizoea.

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, utaratibu unaoutaja ni wa chuo cha Barefoot kilichopo Tilonia, katika jimbo la Rajasthan, ambacho Bunker Roy alikianzisha mwaka 1972. Kwa miaka mingi wanawake kutoka vijiji vya Afrika wamekuwa wakienda huko kwa mafunzo ya miezi sita, wakigharimiwa na serikali ya India kupitia ITEC, mpango wake wa ushirikiano wa kiufundi ulioanza mwaka 1964.

Kuhusu vijana, Roy amekuwa akieleza hadharani kwamba mwanamume akishapata cheti huenda mjini kukitafutia kazi, ilhali bibi mwenye wajukuu na shamba hubaki kijijini. Hoja hiyo huwaudhi vijana, na si kila kijana ataondoka, lakini inagusa jambo ambalo miradi mingi hulisahau: taa ikizimika, anayehitajika ni fundi aliye karibu, awe na cheti au asiwe nacho.

Kutojua kusoma si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Thamani ya rezista, kile kipande kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme, husomwa kwa mistari ya rangi. Yenye kahawia, nyeusi na nyekundu ni ya omu 1,000, iwe imetengenezwa China au Ujerumani. Anayezijua rangi hizo kwa mpangilio wake anaweza kulehemu bodi ya taa pasipo kusoma neno lolote. Pale Tilonia wanafunzi na wakufunzi wasio na lugha moja huelewana kwa rangi, ishara za mikono na kurudiarudia kazi.

Tena siku hizi si lazima mtu avuke bahari ya Hindi. Chuo cha aina hiyo kipo Kinyasini, Unguja, na miongoni mwa wakufunzi wake wamo wanawake wa Zanzibar waliopitia mafunzo hayohayo. Kwangu hiki ndicho kipimo cha kujengewa uwezo: aliyefundishwa amefikia kumfundisha jirani yake, kwa Kiswahili, bila kumsubiri mgeni.

Ama kuhusu misaada, Mpango wa Utekelezaji wa Buenos Aires, uliopitishwa na nchi 138 tarehe 12 Septemba 1978, ulikusudia nchi zinazoendelea zibadilishane ujuzi zenyewe kwa zenyewe, kwa kuwa aliyelikabili tatizo linalofanana na lako ana la kukueleza. Hata hivyo, tusidhani kwamba kila kinachotoka kwa mwenzetu ni bure. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, lakini ulikuwa mkopo.

Kwa hiyo, kabla ya kuwateua kina mama, iteni mkutano wa hadhara mkubaliane mambo ya fedha. Katika utaratibu wa Tilonia, kila kaya huchangia ada ya mwezi, na kamati ya kijiji huitumia kumlipa fundi na kununua vipuri. Ada hiyo ikipangwa kwa kulinganisha na kile ambacho kaya inatumia sasa kwa mafuta ya taa, betri za tochi na kuchajisha simu, watu huielewa. Ikiachwa iwe ya hiari, mama aliyesafiri atarudi na ujuzi wake na kuishia kufanya kazi bila malipo, kisha atarejea shambani, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Ulizeni vilevile betri mpya zitanunuliwa kwa fedha gani pale betri za kwanza zitakapochoka, kwa sababu betri huchoka miaka mingi kabla ya paneli. Msipopata jibu lililoandikwa, msiwajazishe kina mama fomu za safari.